Homa ya Kawaida Niliyougua Gesima

Wenzangu wa Kisauni, nimerudi, nami ni mzima. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusimuliwa msiba wangu mwenyewe kila ninapokwenda dukani. Nasikia telegramu ilipofika mlitandika majamvi uani kwangu, mkateleka sufuria mbili za wali, na mmoja wenu, simtaji, alilia mpaka akadondosha hereni. Mume wangu akakaa barazani anapokea mikono ya pole, na hakuna hata mmoja aliyesoma ile karatasi vizuri. Ilisema niko katika hali mbaya. Haikusema nimekufa. Basi someni, kila mtu apate jibu moja, mniache nipumzike.

Mambo ya tikiti nayaruka. Mnachotaka kujua ni kimoja tu: nilikwenda kumleta Edina na mtoto wake, mbona nimerudi peke yangu?

Desturi yetu mnaijua. Uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake, akandwe, anyweshwe uji wa pilipili manga, amalize arobaini yake akiwa ameshikwa na mikono inayomjua. Lakini Zakayo, mkwe wangu, yule kijana mpole aliyekuwa karani bandarini, alirudi kwao Gesima, Kisii, miaka miwili iliyopita kuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, na Edina akamfuata. Mtoto akazaliwa huko huko juu, msichana, wakamwita Kemunto. Barua ya Edina ikasema, Mama, huku baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nikasema haiwezekani. Mjukuu wangu wa kwanza hatakaa arobaini yake kwenye friji. Nilimwapia mume wangu kwamba sirudi bila mtoto, naye, anavyonijua, akaanza kutengeneza kitanda kidogo siku hiyo hiyo.

Mombasa hadi Kisumu

Mpaka Nairobi sina la kuwaambia. Nililala, nikala mayai yangu ya kuchemsha, nikafika. Mambo yalianza baada ya Nakuru, treni ilipopanda kule juu penye misitu, ikasimama. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Tukaambiwa kuna injini imeharibika mbele yetu, tungoje. Tulingoja mpaka saa sita.

Jamani, mimi sikujua kuna baridi ya namna ile na jua linawaka. Nilivaa kanga zangu zote nne juu ya gauni, nikavaa na soksi za mume wangu ambazo nilikuwa nimefungia chupa ya mafuta ya nazi, na bado natetemeka. Mafuta yenyewe yalikuwa yameganda, meupe. Nje ya dirisha wanawake walikuwa wanauza viazi vya moto, miguu mitupu kwenye majani yenye umande ulioganda, na mmoja ana mtoto mchanga mgongoni, kichwa wazi. Nikampigia kelele amfunike mtoto. Akanitazama nilivyojifunga kama godoro la kuhamia, akaniuliza kwa upole kama mimi ni mgonjwa. Behewa zima lilicheka. Nikanunua viazi vyake, nikavishika mikononi muda mrefu kabla ya kuvila.

Hapo nikaanza kujiuliza mtu anazoeaje mahali kama pale. Nikajijibu upesi, kama kawaida yangu: watu wa baridi wana ngozi ngumu, sisi watu wa joto tuna damu ngumu. Baridi haiwawezi wao, homa haituwezi sisi. Nililitangaza hilo kwa sauti, na mzee mmoja wa Kisumu aliyekaa mbele yangu akasema nimesema kweli. Nilijiona mwenye akili mpaka tulipofika.

Sondu, tulipovunjika

Kutoka Kisumu nilipanda lori la Ochieng', mtu wa ziwani, mnene, mcheshi, anayepelekea maduka ya Kebirigo chumvi na mabati. Zakayo alikuwa amepanga naye anichukue mbele. Tulikwenda vizuri mpaka Sondu, springi ikakatika. Sondu iko chini, karibu na mto, na joto lake ni kama la kwetu. Nilivua kanga moja moja nikarudi kuwa mtu. Ochieng' akaingia chini ya gari, mimi nikaenda sokoni.

Wanawake wa mlimani walikuwa wameteremka na ndizi, mboga na wimbi. Nikamkamata mmoja, tukabishana juu ya mkungu wa ndizi, yeye na Kiswahili chake cha kudonoa, mimi na changu cha kumwagika. Hakuwa anapunguza hata kidogo. Basi ilipofika kama saa tisa akatazama jua, akawaambia wenzake neno moja, na wote wakaanza kufunga. Jua bado kali, wanunuzi bado wanaingia. Akanisukumia mkungu kwa bei ile ile niliyokuwa nimeitaja mimi kwa mzaha, akapokea bila kutazama, akaushika mlima karibu mbio. Mwenzake aliacha fungu zima la mboga chini. Nilibaki nimeduwaa na mkungu wangu.

Ochieng' akaniambia wako hivyo siku zote. Hawalali chini. Hata mvua inyeshe, hata bidhaa isiuzike, jua likianza kuteremka wao wanapanda, kwa sababu wanaogopa mbu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mbu! Mtu mzima na mizigo yake anakimbia mbu! Kando yetu palikuwa na muuza samaki, na mwanawe amelala kivulini kwenye gunia, macho mekundu, midomo mikavu. Nikamwuliza ana nini. Akasema ni homa tu, kesho atacheza. Nikamwambia hata wangu walikuwa hivyo hivyo, leo chini, kesho juu ya mwembe. Tukaelewana kama tumezaliwa nyumba moja.

Kupitia Magwagwa mpaka Kebirigo

Springi ilipona kesho yake asubuhi, tukaanza kupanda. Kila tukipanda masikio yananiziba na kanga zinarudi mwilini. Magwagwa tulisimama kunywa uji wa wimbi, mchachu, wa rangi ya udongo, wenye nguvu ya kusimamisha maiti. Mwenye hoteli, kijana aliyevaa tai, aliniuliza kama ni kweli watu wa Mombasa wanalala nje kwenye vitanda vya kamba. Nikasema ndiyo, kukiwa na joto. Akaniuliza na mbu je. Nikamwambia wanatuuma, kwani wao wanawafanya nini. Akaniongezea uji bila kuombwa, kwa huruma, na mimi sikuelewa hiyo huruma ilitoka wapi.

Kebirigo tukashusha mabati. Wakati wanashusha mimi nikatembea kidogo kando ya shamba la chai kunyoosha miguu. Wachumaji walikuwa safu safu, vikapu mgongoni, mikono inakwenda kama inacharaza. Mbingu ikawa na rangi ya sufuria. Mwanamke mmoja akapiga mbinja, na nilichokiona, wenzangu, sijawahi kukiona: wote kwa pamoja wakamwaga majani kwenye magunia, wakapindua vikapu wakavivaa kichwani, wakachuchumaa kati ya mistari ya chai. Shamba lililokuwa na watu likawa na vikapu.

Mimi nikafanya anavyofanya kila mtu wa kwetu mvua ikija. Nikakimbilia mti, mkaratusi mkubwa pale kando. Sikufika. Kuna mkono ulinishika kanga kwa nyuma ukanivuta mpaka chini kwenye mtaro, na kikapu kikatufunika sisi wawili. Halafu Mungu akaanza kutupa mawe. Mawe ya barafu, mengine kama ndimu, yanapiga kikapu hadi sisikii sauti yangu mwenyewe nikisali. Radi ikapiga mti. Si ule niliokuwa naukimbilia, mwingine wa pili yake, lakini sioni kwa nini haukuwa ule. Ulipasuka toka juu mpaka chini, ukafuka moshi.

Ilipokwisha wakasimama, wakajikung'uta, wakaanza kuokota mawe yale na kuyatafuna huku wakicheka. Chai yote mbele yetu ilikuwa imechanika. Yule mwanamke aliyenivuta nikamwuliza, bado natetemeka, wanakaaje mahali ambapo mbingu inawapiga mawe. Akasema inapiga karibu kila wiki, na ukishajua kuchuchumaa haikuui. Watoto wao, akasema, wanafundishwa kuchuchumaa kabla ya kusema vizuri.

Gesima, mlango nisioweza kuingia

Lori lilitupeleka mpaka barabara ilipokuwa tope tupu. Zakayo na mama yake walikuwa wananingoja hapo. Mama yake anaitwa Bosibori, mrefu, mkavu, umri wangu au zaidi kidogo. Alinisalimu kwa mikono miwili, akajitwika sanduku langu kichwani, akaanza kupanda kilima huku anaongea. Mimi sikuwa nimebeba kitu, na baada ya hatua hamsini sina pumzi. Moyo unagonga, masikio yanalia. Nikakaa chini kwenye majani nikasema basi, nimerogwa. Bosibori akarudi na sanduku bado kichwani, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Hewa ya huku iko kidogo. Pumua pole pole. Itazoea wewe." Nilishangaa Kiswahili kile amekijulia wapi, maana mama wa umri ule kule juu hawana haja nacho.

Nilitegemea kumkuta Edina mifupa mitupu. Nikamkuta amenawiri, mashavu yamejaa, amekaa kando ya moto na mtoto kifuani, nyumba imejaa moshi mpaka machozi yakanitoka kabla ya furaha. Walikuwa wanamlisha chinsaga, mboga chungu inayopikwa kwa maziwa siku nzima, wanasema inamrudishia mzazi damu, na ugali wa wimbi mweusi, mzito. Nilionja nikatema, halafu nikaomba radhi. Kulipiza, nikafungua papa mkavu niliyemleta kutoka Mombasa. Nyumba nzima ilitoka nje. Papa wangu alilazwa kwenye paa la banda la kuku mpaka nilipoondoka, na kuku wenyewe walihama.

Hayo ni ya kucheka. Lililoniuma ni kwamba jioni nilipoanza kutandika mkeka wangu kando ya Edina, wote waligeuza nyuso kama nimevua nguo. Edina ndiye aliyenieleza, kwa aibu. Kwao mama wa mke halali nyumba anayolala mkwe wake. Ni heshima yao, wanaiita chinsoni, na haivunjwi. Zakayo hata kunitazama usoni alikuwa hawezi. Alizungumza nami akiwa amesimama nje ya ua, ameelekea upande wa mashamba. Nikapelekwa kulala nyumba ya Bosibori. Nimesafiri siku nne, na binti yangu yuko ng'ambo ya uzio! Nilikasirika, siwafichi.

Kesho yake nikatoa neno langu: nimekuja kuwachukua. Zakayo akajibu akiwa huko huko kwenye ua, kwamba samahani sana mama, lakini mtoto wa kwao hateremshwi kwenda kwenye joto mpaka atembee mwenyewe. Hata mtu mzima hateremki kulala huko bila sababu. Kuna homa. Nikamwambia homa mimi naijua kuliko yeye, nimelea watoto wanne ndani yake, wote wanaugua na wote wazima, na mkewe ni mmoja wao. Akasema, "Ndiyo, mama," akaondoka kwenda kazini. Siku tatu nilisema, nikabembeleza, nikanuna. Bosibori alikuwa ananisikiliza tu huku anachambua wimbi.

Homa

Siku ya tano ikanishika. Niliijua tangu asubuhi: kwanza magoti, halafu mgongo, halafu meno yanagongana. Nadhani niliibeba kutoka huku Mombasa. Nikameza klorokwini zangu nne, nikajifunika, nikamwambia Edina asijali, ni homa ya kawaida, kesho nitaamka. Nikazama.

Nilipozinduka ilikuwa kesho yake, kama saa nne, mwili mwepesi, njaa inaniuma. Nikasikia watu nje, wengi, lakini hawasemi. Nikajikokota mpaka mlangoni. Uani palikuwa na watu wapata arobaini wamekaa kwenye majani, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Kila mwanamke alikuwa amekuja na unga au kuni, na kuni zilikuwa zimefika urefu wa mtu. Mchungaji alikuwa amefungua Biblia. Ukutani zimeegemezwa mbao mpya, zimepigwa randa, na fundi amekaa kando yake na kamba yenye fundo. Nikauliza wanajenga nini.

Fundi akaificha kamba. Mwanamke mmoja akainuka akakimbia, naapa, alikimbia kwelikweli. Ndipo Edina akaja, macho yamevimba, akaniambia Zakayo alikwenda Kisii mjini jana kupiga telegramu, kwa sababu kule mtu akitetemeka vile huwa hasimami. Nilipigwa na butwaa. Halafu nikacheka, maana ningefanya nini? Nikaomba chai. Nikavunja nazi nilizoleta, nikakaa uani mbele ya watu wote nikaanza kuzikuna, nikawapikia wali wa nazi wale waliokuja kunizika. Walikula kwa wasiwasi, wananitazama mikono. Nakiri nilijivuna. Nilijiona nimeshinda kesi.

Na kweli nilikuwa nimeishinda. Alasiri watu walipokwisha kutawanyika, Bosibori alikuja akakaa nami jikoni. Alinieleza mahali alipojulia Kiswahili. Alipokuwa mke kijana mumewe alipata kazi ya kukata miwa bondeni, na yeye akateremka naye, na watoto wao watatu. Mvua ikaja. Wa kwanza alichukua siku tatu. Wa pili, juma moja. Wa tatu alimbeba mgongoni kumrudisha mlimani, na aliposhusha mzigo alikuwa amebeba maiti.

"Watoto ya jirani, ya watu wa ziwa, homa ilishika hiyo pia," akasema. "Ilicheza. Mimi nilifikiri mama yao iko na dawa, inanificha. Nilichukia hao miaka mingi. Zakayo nilizaa huku juu, nikasema hapana teremka." Akasukuma kuni motoni. "Sasa naona wewe. Jana nakufa, leo nakuna nazi. Hakuna dawa ya kuficha. Ni damu. Na Kemunto iko na hiyo damu. Peleka yeye. Nitaambia Zakayo."

Nilimkumbatia. Lakini usingizi wa mchana niliotegemea kulala haukuja, maana nilikuwa nawafikiria wale majirani zake wa bondeni. Nilikuwa namwona yule muuza samaki wa Sondu. Bosibori aliwaona watoto wao wakicheza, na akahesabu wale wanaocheza. Wale waliokwisha kuzikwa kabla yeye hajafika hakuwaona. Nani angewahesabu?

Kuteremka

Siku ya kuondoka Ochieng' alileta lori mpaka mwisho wa sehemu kavu. Edina akapanda mbele na furushi la nepi. Zakayo alikuwa ameaga nyumbani, amekwenda kituoni kwake, hakutaka kuona. Bosibori ndiye aliyembeba mtoto mpaka barabarani. Alimfunga shuka ya pili, akaniwekea mikononi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akauliza, si kwa kunishuku, kwa kutaka tu kusikia ili arudi nyumbani na moyo uliotulia:

"Watoto yako, homa iliposhika, iliamka yote?"

"Wote," nikasema.

Nikapanda. Ochieng' akawasha injini. Kemunto alikuwa amelala, ananukia moshi na maziwa, na ngozi yake nilipomgusa shingoni ilikuwa baridi, baridi nzuri ya mtoto mzima ambaye hajawahi kuchemka. Nikajaribu kumfikiria kwenye kile kitanda kidogo cha babu yake, midomo mikavu, macho mekundu, na mimi nawaambia majirani kesho atacheza. Nikamwambia Ochieng' angoje, nikashuka na mtoto.

Nyinyi wa rika langu mnajua nilichokwenda kusema, kwa sababu mlikuwepo. Wadogo hamjui, na kila mama kati yetu ana wake ambao wadogo hawawajui, tusidanganyane. Nilimrudishia Bosibori mtoto nikamwambia nimemdanganya. Mimi nilizaa saba. Wanne ndio wanaotembea. Watatu homa iliwashika kama ilivyowashika wenzao, wakalala jioni, hawakuamka. Wa tatu nilikuwa na kwinini ya zahanati mkononi, akaitapika yote. Sisi hatuna damu ya ajabu. Sisi ni waliobaki. Waliokuwa na damu kama ya Kemunto, kama ya watoto wake yeye, tumewazika kwetu tukasema ni kazi ya Mungu, tukaendelea kupika.

Bosibori alimpokea mtoto akamweka kifuani chini ya shuka. Nikageuka nikamkuta Edina nyuma yangu. Alikuwa ameshuka garini bila mimi kusikia.

"Mimi ni wa kwanza," akasema.

"Wewe ni wa nne."

Akaniuliza walikuwa wanaitwa nani. Nikamtajia. Yohana, Marta, Stefano. Niliyataja polepole, maana sikuwa nimeyatamka kwa sauti tangu yeye azaliwe, na nilishtuka kwamba ulimi haukuyasahau. Edina hakulia. Akaniuliza jambo lingine, ambalo naona amekaa nalo tangu utotoni.

"Mimi nilipokuwa naumwa, Mama, mbona ulikuwa unaniacha ndani peke yangu unakwenda kufua?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, kwamba homa ni ya kawaida na kazi haingoji. Nikalimeza.

"Hazikuwa nguo chafu," nikamwambia. "Nilikuwa nalowesha zilizo safi, ili roho ikikutoka nisiwe chumbani."

Bosibori alikielewa Kiswahili hicho chote. Alinishika mkono kwa ule mkono wake usiombeba mtoto, na Ochieng' akazima injini bila kuambiwa. Tulisimama hapo barabarani, mama watatu, mpaka Kemunto alipoamka akataka kunyonya.